Shajara ya mradi: kazi za mikono ya Babu, mkulima na seremala wa Marangu

Juni, baada ya arobaini ya Babu

Kikao cha ukoo kimekubali mradi uanze. Tutaandika maisha ya Babu kwa kufuata vitu alivyovitengeneza na miti aliyoipanda. Hakuwa mtu wa kuandika. Barua zake ni chache, na katika picha nyingi tulizonazo yuko kwenye harusi ya mtu mwingine, amesimama nyuma. Lakini ukitoka Marangu Mtoni ukapandisha hadi karibu na msitu, utapita nyumba ambazo milango, vitanda na kenchi zinazobeba bati vyote vilitoka mkononi mwake.

Nyumba hizo zinabomolewa. Kila Desemba watoto waliofanikiwa mjini wanarudi kumjengea mama nyumba ya kisasa, madirisha ya aluminiamu na mlango wa grili, na mbao za zamani zinaishia jikoni kuwa kuni. Mama kupata nyumba nzuri ni jambo la heri. Tunachoomba ni kuwahi kabla ya shoka.

Kazi tumegawana hivi. Shangazi mkubwa anaongoza, kwa sababu ndiye anayejua nani alioa kwa nani, na bila hilo huwezi kubisha hodi kwa mtu ukaomba kupiga picha mlango wa chumba chake cha kulala. Binamu yangu wa Moshi mjini ana kamera nzuri, kwa hiyo picha ni zake. Baba Mdogo, kitinda mimba aliyerithi kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kama ilivyo desturi yetu, atashughulikia miti. Mimi naandika.

Kila kitu tutakachokikuta kitapata ukurasa wake: picha ya mbele, ya nyuma na ya maungio; vipimo; aina ya mbao; mwaka; aliyeagiza; alilipaje. Hilo la mwisho ameliongeza Baba Mdogo, na nilipomuuliza kwa nini alisema tu, "Utaona." Shabaha yetu ni kitabu kidogo kiwe mezani Desemba, ukoo ukikutana.

Juni, mwishoni: karakana

Tumefungua karakana. Ni banda la mbao upande wa chini wa nyumba, karibu na zizi, na ukaribu huo una sababu yake nitakayoieleza nikifika kwenye ng'ombe.

Meza ya useremala ni gogo moja lililopasuliwa, nene kuliko kiganja, na kwenye ukingo wa kushoto limelika kidogo pale alipokuwa akiegemea. Jiliwa bado inakaza. Randa ni tatu. Mbili ni za chuma, za dukani. Ya tatu ni ya mbao, kiwiliwili chake amekichonga mwenyewe, na chini, mbele kidogo ya ulimi wa chuma, ametia kiraka cha mbao nyeusi zaidi. Fundi aliyejifunza kwa Babu, ambaye sasa ana karakana yake Himo, alikuja kutusaidia. Akaipindua randa ile, akapitisha kidole kwenye kiraka, akatueleza: sehemu hiyo ya tumbo ndiyo inayolika kwanza kwa sababu ndiyo inayokandamiza mbao kabla ya kukatwa. Ikilika, mdomo unapanuka, na randa inaanza kunyofoa nyuzi badala ya kutoa maranda membamba. Babu alikata kipande kilicholika, akapandikiza kipya. Kwa maneno ya fundi, randa hii haikuwa na sababu ya kufa.

Kuna patasi za upana tofauti, keekee ya kuzungusha kwa mkono, msumeno mrefu wa kupasulia unaovutwa na watu wawili, timazi, na tezo ambayo bapa lake lilifuliwa na wahunzi wa Mamba. Mamba ni jirani zetu, na uhunzi wao ni wa tangu enzi za mikuki ya Mangi, mtawala wetu wa jadi. Babu hakununua tezo nyingine maisha yake yote. Bapa likichoka alilirudisha kwa wahunzi walewale likaongezewa chuma.

Uamuzi wa leo: hatupigi msasa kifaa chochote. Brashi laini, kitambaa, mafuta kidogo kwenye chuma, basi. Alama za mkono kwenye mipini ni sehemu ya kumbukumbu, na zikishafutwa hazirudi.

Kitu kikubwa cha siku kilikuwa kwenye mlango wa kabati la vifaa, upande wa ndani. Ameandika kwa penseli ya seremala, mstari kwa mstari, kazi za watu. "Kitanda. Nusu sasa, nusu baada ya kahawa." "Meza, viti vinne. Mbuzi mmoja." "Mlango wa mbele. Siku tatu za kupalilia, baki baada ya kahawa." Mistari iliyolipwa imekatwa kwa msumari. Maneno *baada ya kahawa* yamejaa mlango mzima, na sasa naelewa kwa nini Baba Mdogo alitaka habari ya malipo iandikwe.

Baadhi ya mistari haijakatwa, na majina yapo. Shangazi ametoa amri na nakubaliana naye kabisa: picha ya mlango huo itachapwa ikiwa imefunikwa upande wa majina. Babu alisamehe madeni hayo kwa kunyamaza, na sisi si wa kuyafufua.

Julai: Bibi

Tumemrekodi Bibi kwa simu, jikoni, akimenya ndizi za mtori. Anazungumza Kichagga chetu cha Vunjo na tumeiacha hivyohivyo. Kwenye kitabu maneno yake yatakuwa kwa Kichagga juu na Kiswahili chini.

Nilikuwa nimeandaa maswali kuhusu useremala. Akayajibu mawili, kisha akaanza kueleza siku yake. Alfajiri kuwasha moto. Kukamua. Kuchota maji mfongoni, kwa sababu mfereji wa kijiji ulipita juu ya kihamba chetu kwa zamu. Kisha safari ya kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani, mzigo ambao mwanamume wa kwetu hakuubeba. Msimu wa mahindi na maharage, huko huko tambarare alikuwa na shamba la kulima. Jioni, kama ni miezi ya kuchuma, kumenya kahawa iliyochumwa mchana, maana ikilala bila kumenywa inaharibika.

"Yeye alisimama kwenye meza yake saa nane mpaka giza," alisema. "Alisimama kwa sababu majani yalikuwa yameshafika. Andikeni na majani."

Tutaandika. Nimebadilisha mpangilio wa kitabu kwa ajili ya sentensi hiyo. Sura ya Bibi itatangulia sura ya karakana, na pale tunapotaja kitanda alichotengeneza Babu mwezi fulani, tutataja nani alikuwa shambani mwezi huo. Nimesoma kumbukumbu nyingi za wazee wetu zinazomsifu baba kwa bidii kana kwamba nyumba nzima ilikuwa imelala akiwa kazini. Hii yetu haitakuwa mojawapo.

Bibi pia ndiye aliyetueleza juu ya maranda. Kila jioni maranda ya karakana yalizolewa na kutandikwa zizini chini ya ng'ombe. Ng'ombe wetu hawatoki nje kwenda malishoni, wanafugwa ndani, na sehemu ya kulala lazima ibaki kavu. Maranda yakishalowa mkojo na kuchanganyika na samadi yalikaa shimoni mpaka yaoze, kisha yakaenda kwenye mashina ya kahawa na migomba. Juu ya kahawa kulikuwa na kivuli cha mgrevilea na mringaringa. Miti hiyo ikikomaa ilipasuliwa mbao, mbao zikaja karakana. Ndiyo sababu banda la useremala liko hatua chache kutoka zizini. Watu wanasema Babu alikuwa na kazi mbili, ya shamba na ya mbao. Kwa jinsi kihamba chake kilivyopangwa, ilikuwa kazi moja.

Julai, mwishoni: kupata miaka

Tatizo letu kubwa ni tarehe. Watu wanakumbuka kitanda kililetwa mvua ikinyesha, hawakumbuki mwaka. Tumeanza kutumia matukio ambayo kila mzee anayo kichwani. Babu alianza kujifunza useremala kwa fundi wa misheni akiwa kijana, na wenzake wa rika wanakumbuka ilikuwa karibu na kutawazwa kwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga, mwaka 1952. Mlango wa nyumba ya kwanza aliyoijenga peke yake uliwekwa mwaka ambao Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge wa Uhuru Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yaani 1961. Uhuru ni kishikizo kizuri. Hakuna anayekosea aliishi wapi siku ile.

Halafu kuna miaka ya kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda mno miaka miwili iliyofuata. Huku kwetu hata mtu asiyejua Brazil iko wapi anakumbuka pesa ile. Ni wakati ule ule Serikali ilipovunja vyama vya ushirika, mwaka 1976, ikiwamo KNCU, ushirika wa kahawa ambao wakulima wa mlima walikuwa nao tangu 1933. Wazee wanakumbuka mambo yote mawili kwa pumzi moja: bei ilipanda na chama kikaondoka. Kwa Babu, miaka hiyo ilikuwa ya kenchi. Karibu kila nyumba ya bati tuliyoiona yenye kenchi zake ilijengwa wakati huo.

Fundi wa Himo ametupa njia mbili nyingine za kukisia umri wa kitu, na zimetusaidia kuliko hadithi zote.

Ya kwanza ni mbao zenyewe. Milango ya zamani ni ya mkulo, mti wa msituni wenye harufu ya kafuri. Ukiukwaruza leo bado unanukia. Mwaka 1984 ilitoka amri ya Serikali kukataza kukata miti ya asili ya msitu wa Kilimanjaro. Babu aliacha mkulo. Baada ya hapo kazi zake ni za mgrevilea, mringaringa na saipresi, nyingi kutoka vihambani na kwenye ukanda wa nusu maili, ule uliotengwa tangu 1941 kati ya vijiji na msitu ili watu wapate kuni na mbao bila kuingia msituni. Kwa hiyo mlango wa mkulo kwa kawaida ni wa kabla ya 1984. Kwa kawaida, maana alikuwa na akiba ya mbao, na mbao nzuri hazitupwi.

Ya pili ni misumari. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa imechoka, na miaka iliyofuata vitu vya dukani viliadimika: sabuni, sukari, vitambaa, misumari. Kazi za Babu za miaka hiyo ukizitazama kwa nyuma hazina msumari hata mmoja. Kila kona ni ulimi wa ubao ulioingia kwenye tundu la ubao mwingine, kisha kijiti cha mbao ngumu kimepigiliwa katikati kuufunga. Bawaba ni za wahunzi wa Mamba. Ni kazi ya polepole kuliko ya misumari, na ndiyo iliyodumu kuliko zote.

Agosti: nyumba kwa nyumba

Tunaendelea vizuri. Shangazi anatangulia, anasalimia, anauliza habari za wagonjwa, anakaribishwa chai, na tukifika kwenye shughuli yetu mwenye nyumba ameshatoa historia nzima kabla hatujauliza.

Naandika mlango mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndio uliotufundisha kuona mingine. Ni mlango wa mbele wa nyumba ya mjane mmoja upande wa juu. Fremu za wima na za ulalo, na kati yake vibao vinne vipana vilivyochongwa kingo zake zikawa nyembamba. Binamu alitaka kujua kwa nini vibao vinacheza ukivisukuma kwa kidole. Alidhani mlango umechakaa. Fundi akacheka kwa furaha. Vibao havikutiwa gundi kwa makusudi. Vimekaa kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, huru. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huku juu unyevu unaingia hadi kwenye godoro, mbao zinavimba. Januari na Februari zinakauka na kusinyaa. Kibao kilichobanwa kwa gundi hakina pa kwenda, kwa hiyo kinapasuka. Cha Babu kinatanuka ndani ya mfereji wake na kurudi. Mlango huo umevuka masika kwa zaidi ya miaka 40 na hauna ufa. Upande wa ndani, juu ya kitasa, amechora kwa patasi alama yake, mistari miwili iliyolala na mmoja unaoipitia. Tangu siku hiyo tunaitafuta alama hiyo kwanza, na tumeshaikuta hata kwenye dawati la shule lililogeuzwa kuwa meza ya vyombo.

Kila mlango tumeuliza ulilipwaje. Pesa taslimu yote kwa mkupuo ni nadra. Mahindi, mbuzi, siku za kazi, ndama jike, na mara nyingi kabisa pesa ya kahawa kwa awamu. Chama kililipa malipo ya awali mkulima alipopeleka kahawa, na nyongeza baadaye kahawa ikishauzwa mnadani Moshi. Babu alipanga kazi yake kwa kalenda hiyo. Vitanda vya harusi baada ya malipo ya awali. Kenchi na milango baada ya nyongeza. Katikati, wakati hakuna mtu mwenye senti, alikuwa shambani kwake akipogoa, au alitengeneza vichanja.

Vichanja ni ukurasa wa pekee. Kahawa ikishamenywa, ikachachuliwa na kuoshwa, inakaushwa juu ya meza ndefu zenye waya, isiguse udongo. Babu alitengeneza vichanja vyenye mikono kama ya machela, watu wawili wanakibeba na kukiingiza ndani mvua ya vuli ikitisha. Kimo chake kinafika kiunoni mwa Bibi. Tulipima: kila kichanja tulichokikuta kina kimo hicho hicho, hata nyumba ambazo mama alikuwa mrefu. Bibi alipoambiwa hakusema kitu, ila alitaka kuiona ile picha tena.

Agosti: majeneza

Hii naiandika peke yake.

Juu ya dari ya karakana kulikuwa na mbao za mgrevilea zilizopangwa kwa tabaka, kati ya kila tabaka vijiti vyembamba ili hewa ipite, ncha zimepakwa oili chafu zisipasuke. Mbao za unene wa inchi moja alizikausha mwaka mzima, zaidi zikiwa nene. Hizo za juu hazikuwa za kuuzwa. Mtu akifiwa usiku, hata asiye na kitu, asubuhi Babu alikuwa ameshazishusha. Ufundi wa jeneza hakuutoza maisha yake yote. Mbao alilipwa na aliyeweza. Tumeuliza nyumba nyingi na jibu ni lilelile. Mzee mmoja alituambia kwamba jeneza la mtoto wake lilikuwa limepigwa randa hata ndani, mahali ambapo hakuna ambaye angepaona, na alituonyesha kwa mkono jinsi alivyopapasa.

Jeneza la Babu mwenyewe lilitoka kwenye mbao hizo hizo. Fundi wa Himo ndiye aliyelitengeneza, na hakutoza ufundi.

Kwenye kitabu hakutakuwa na picha ya ukurasa huu.

Septemba: kihamba na kahawa

Kasi imepungua kwa sababu kahawa imeiva na Baba Mdogo anahitaji mikono. Tunachuma asubuhi, tunaandika jioni.

Kahawa iliingia upande wetu wa mlima kupitia misheni ya Kilema, mwishoni mwa karne ya 19, na babu wa Babu alikuwa miongoni mwa waliopewa miche. Babu aliitunza kwa ukali. Alipogoa baada ya kila mavuno, akabakiza mashina machache yenye nguvu. Alinyunyiza mrututu, dawa ya bluu ya shaba, dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya kahawa, na fulana yake ya kazi bado ina madoa ya bluu mgongoni pale pampu ilipovuja. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliogawa viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika, bei ilianguka, na miaka ya 1990 dawa ilikuwa inagharimu karibu kuliko mavuno. Majirani wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Yeye hakung'oa. Alifidia kwa useremala: daftari la mlangoni linaonyesha miaka hiyo kazi ndogondogo nyingi, vigoda, mipini ya majembe, mizinga ya nyuki. Mbao zililipia dawa ya kahawa, kama ambavyo zamani kahawa ililipia mbao.

Uzeeni, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, ilipotoa miche chotara inayostahimili chulebuni, alikubali kubadilisha mistari michache tu, sehemu ya chini. Baba Mdogo ameendeleza. Miche mipya inazaa vizuri na haihitaji mrututu kama ya zamani, na nadhani Babu angeongeza mistari mingine kama magoti yangemruhusu kushuka kuiona.

Ramani ya miti imekamilika. Mgrevilea zipo kwenye mistari ya kahawa. Mifuruanje imeachwa kwa ajili ya kivuli na majani yanayorutubisha. Isale, mmea wetu wa mipaka, limezunguka mpaka wote na kaburi. Mringaringa mmoja mkubwa uko karibu na mfongo, ndio aliouacha bila kuukata ingawa ulikomaa zamani. Maua yake meupe yanaita nyuki na mizinga miwili bado iko juu.

Oktoba

Mambo mawili yametokea.

La kwanza, nyumba ya mjane mwenye ule mlango wa vibao vinne inajengwa upya na wanawe. Tulisikia kwa jirani. Shangazi alipanda siku hiyo hiyo, akazungumza nao, na wameutoa mlango kwa uangalifu, kijiti kwa kijiti, wakatukabidhi. Kijana mkubwa wa nyumba hiyo ameomba jambo moja: nyumba mpya ikiisha, mlango urudishwe uwe wa chumba cha mama. Tumekubali bila kujadili. Kwa sasa uko karakana, umesimamishwa kivulini, haujaegemezwa ukutani moja kwa moja ili usipinde.

La pili ni gumu zaidi. Katika ukoo wapo wanaotaka mringaringa ukatwe. Hoja yao si mbaya. Mti umezeeka, tawi moja linaegemea paa la zizi, na mbao zake zingetosha meza ndefu ya ukoo, ikae sebuleni kwa jina la Babu. Baba Mdogo anapinga kwa sababu ya nyuki na ya mfongo. Na hata wote wangekubali, huku mti wako mwenyewe huukati bila kibali. Lazima upite kwa uongozi wa kijiji hadi ofisi ya misitu ya wilaya.

Msimamo wangu nimeusema kikaoni na nauandika hapa. Babu alikata miti mingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kila aliyekata alikuwa ameshaotesha mwingine miaka mingi kabla. Mringaringa huu hatujauandalia mrithi. Tuanze na miche. Tawi linaloegemea zizi lipunguzwe, kibali kiombwe kwa ajili ya tawi, na mbao za tawi hilo zifanye kasha la kuhifadhia vifaa vyake. Kikao kimeafiki, isipokuwa mjomba mmoja, na nimeandika pingamizi lake kwenye kumbukumbu za kikao kama alivyolisema.

Novemba

Kibali cha tawi kimetoka. Limeshushwa kwa kamba, halikugusa mizinga. Fundi wa Himo amelipasua na mbao zimepangwa darini, na hazitakuwa tayari Desemba. Kasha litasubiri zikauke. Kulitengeneza kwa mbao mbichi kwa haraka ya sherehe kungekuwa kumtukana.

Wapwa wawili waliomaliza kidato cha nne wameanza kuja Jumamosi kwa fundi kujifunza kutumia randa ile ya mbao. Mmoja ana mkono mwepesi. Maranda yake ya kwanza yalikuwa mafupi na yamechanika. Sasa yanatoka marefu, na Bibi amedai yapelekwe zizini kama zamani. Yanapelekwa.

Rasimu ya kitabu iko kwa mchapaji wa Moshi. Vitu vilivyoingia ni 68. Nakala ya rekodi za Bibi na za wazee wengine zimehifadhiwa kwenye kompyuta ya Binamu, kwenye diski ya nje inayokaa kwa Shangazi, na moja kwangu Dar es Salaam. Bibi amesomewa sura yake yote kwa sauti. Alisahihisha mambo mawili: jina la mfereji, na mahali tulipoandika kwamba alimsaidia Babu kumenya kahawa. Sasa inasomeka kwamba alimenya kahawa, na Babu alimsaidia alipomaliza kazi ya mbao. Alisema, "Aika," yaani asante, na akarudi kwenye ndizi zake.

Kazi iliyobaki kabla ya ukoo kukutana: kupiga picha kenchi za nyumba mbili za Mamba ambazo wenyewe wanarudi wiki ya pili ya Desemba, kupata ridhaa ya maandishi ya wenye nyumba wote ambao majina ya maeneo yao yametajwa, kuchonga vijiti vipya vya ule mlango ili uwe tayari kufungwa, na Baba Mdogo amepata miche sita ya mringaringa, anaipanda wiki hii kabla mvua za vuli hazijakatika, minne kando ya mfongo na miwili juu ya zizi.